Pembe Kando ya Kaburi la Mama

Kamachumu,
Alhamisi, 20 Novemba

Kaka Rugaibula mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umerudi kutoka kazini salama, na kile kikohozi cha vumbi la saruji ulichomweleza Baba kiwe kimekuachia. Sisi hapa tunaendelea. Baba mgongo unamkaza asubuhi, jua likipanda ananyooka. Shangazi Kokubanza anakusalimu sana, anasema kwenye picha uliyotuma umekonda mpaka masikio yameonekana makubwa, eti Dodoma hawapiki ndizi. Mvua imeshika vizuri, maharage yamechanua, na senene zimeanza kuanguka. Nimekufungia kidogo za kukaanga, utazipata pamoja na barua hii. Si nyingi, nimezikusanya peke yangu.

Utashangaa kupata barua ya karatasi. Klaudia wa kwa jirani anarudi chuoni huko Dodoma Jumamosi hii, akakubali kuibeba. Kupiga simu ningeweza, lakini unanijua. Ukiniuliza habari nasema nzuri, halafu nampa simu Shangazi.

Kaka, nakuandikia habari za Celina. Tarehe 29, Jumamosi ya wiki ijayo, wazee wawili wa ukoo watapeleka sanduku lake la nguo nyumbani kwao Kimwani. Unajua sanduku likishapelekwa na wazee maana yake nini kwa ndoa. Baba alikwambia kwenye simu kwamba mkeo alikutwa na hatia ya kufukia pembe kando ya kaburi la Mama, na wewe ukamjibu kwamba Baba aamue. Nilikuwa namenya ndizi hapo hapo, nilikusikia. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla ya tarehe hiyo kufika.

Ilianza mwezi wa tatu, shuleni. Mimi niko kwenye klabu ya kilimo, nadhani hukujua. Mwalimu Mastura, anayetufundisha Bayolojia, alitupeleka Bukoba mjini kwenye semina ya wakulima wa kahawa. Walikuwepo walimu wawili. Mmoja alikuwa mzee mkulima wa Rubafu, akafundisha kitu kinachoitwa pamakalcha. Wa pili alikuwa mama wa Kizungu, akafundisha baiodainamiki kwa English. Mkalimani wao hakufika. Mwalimu Mastura akanisimamisha mimi, kwa sababu ya alama zangu za daftarini, kana kwamba anayeandika vizuri ndiye anayeweza kusema mbele za watu. Nilitafsiri huku nikiangalia viatu vyangu.

Mpaka tulipofika kwenye pembe. Yule mama alieleza kwamba unachukua pembe ya ng'ombe jike aliyezaa, unaijaza mavi mabichi ya ng'ombe, unaifukia miezi sita. Ukiifukua, kile kilichomo unakikoroga kwenye ndoo ya maji saa nzima, mara huku mara kule, kisha unanyunyizia shamba jioni. Nikasema pembe. Bibi mmoja wa mbele hakusikia vizuri, akamwuliza mwenzake, mwenzake akamjibu kwa Kihaya: ihembe. Ukumbi wote ukageuka kuniangalia. Unajua neno hilo kwetu lilivyo, ni la pembe ya ng'ombe na ni la ile ya mganga pia, inayofukiwa kwenye kibanja cha mtu ili migomba ife na watu wafuate. Halafu mzee mmoja nyuma akauliza kwa sauti kama ina maana siku zote tumekuwa tukiwafukuza wataalamu. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Yule mama naye akacheka, akaniuliza wamesema nini, nikamwambia wamefurahia somo.

Ndiyo maana siwezi kusema sikujua. Niliyajua yote tangu siku ile.

Tuliporudi, Mwalimu Mastura akataka kila wawili wajaribu njia zote mbili nyumbani, halafu waandike ripoti ya kuzilinganisha. Wenzangu wakatafutana. Mimi nikabaki bila mwenzangu na sikusema, naye hakuona. Baba akanipa vipande viwili mwisho wa kibanja, nyuma, kule aliko Mama.

Nilikuwa napima kwa kamba siku ya kwanza, Celina akaja akauliza nampimia nani kaburi. Tulikuwa hatujawahi kuongea sana. Wewe uliondoka mkiwa na miezi minane tu ya ndoa, ukamwacha katika nyumba ambamo Shangazi alimwita Mkatoliki wetu kwa sababu bado alifanya ishara ya msalaba kabla ya kula. Alikuwa mkimya mezani kama mimi, nikadhani hanipendi. Kumbe na yeye alidhani hivyo hivyo. Nikamweleza pamakalcha. Kwamba kabla hujashika jembe unakaa unaangalia kwanza, maji yanapita wapi, jua linatoka wapi, mtu anapita wapi. Kwamba unavyovitumia kila siku unaviweka karibu na mlango, na kila mmea unaupa jirani wa kuusaidia. Tukachimba shimo la duara nyuma ya jiko, tukaweka maganda na majani, tukazungushia migomba na mipapai, maji ya vyombo yakawa yanaingia humo. Nilimwambia shimo hilo lina jina lake kitabuni. Akasema kwa mama yake Kimwani lipo toka zamani, wao wanaliita shimo.

Alikuja kila siku nilipotoka shule. Tulikata nyasi pamoja kule rweya, kwenye mbuga nje ya migomba, tukazibeba kichwani, tukatandaza. Aliniambia kwamba usiku huwa anakusimulia mambo ya mchana kana kwamba upo. Samahani kwa kukuandikia hilo, labda alitaka liwe siri.

Ripoti ilitaka tuseme njia ipi ni bora, nami niliandika kurasa sita. Nikiziweka kwa kifupi, zote mbili zinakataa mbolea na dawa za dukani, na zote zinataka shamba lijilishe lenyewe. Lakini pamakalcha ni ya macho. Ukikosea unaona, maji yanakatiza pasipotakiwa, unahamisha. Mzee wa Rubafu mwenyewe alisema nusu ya anayofundisha ni kibanja cha Mhaya, kahawa chini ya migomba na maharage chini ya kahawa. Baiodainamiki inataka shamba liwe kama mwili wenye ng'ombe wake, hapo nilielewa. Ila inataka pia ufuate mwezi na nyota katika kupanda, na dawa zake hufanya kazi chini ya udongo, ambako huwezi kuchungulia. Yule mama alisema pembe hufukiwa wakati wa kupukutika majani, ifukuliwe baridi ikiisha. Kwetu majani hayapukutiki. Nikaamua mwenyewe mwezi wa tano, masika yakiisha, mpaka Novemba. Kitu kingine sikukiandika kwenye ripoti. Ile ya kwanza unaifanya na mtu. Ile ya pili unaweza kuifanya peke yako kabisa, na bado ukahisi kuna kitu kikubwa mnashirikiana nacho. Mimi nimezoea kuwa peke yangu, kaka. Ilinivutia.

Mwezi wa nane migomba ya nyuma ikaanza kunyauka. Majani yakawa ya njano, ndizi zikaiva kabla ya wakati na ndani zikawa nyeusi. Bwana Byabato, yule bwana shamba, akakata shina moja akatuonyesha usaha, akasema ni ugonjwa wa mnyauko, unabebwa na mapanga na nyuki, tung'oe mashina yote yenye dalili na panga tuwe tunalichoma moto kila tukikata. Baba akaanza kung'oa. Katika kung'oa ule mgomba ulio kando ya kaburi la Mama, jembe likagonga pembe.

Baada ya hapo hakuna aliyemsikiliza bwana shamba. Shangazi alipiga kelele mpaka majirani wakaja. Baba, mzee wa kanisa, hakutaka hata kutamka jina la kitu kile. Aliiokota kwa jani la mgomba akaiweka juu ya jiwe, na watu wakaiangalia kwa mbali. Siku ya pili akaja Rugemalira mwenye bucha, akasema kwamba mwezi wa tano mkamwana wa hapa alimwomba pembe ya ng'ombe jike aliyezaa. Alisema alimtania kama anataka kupuliza tarumbeta, naye hakucheka, akaificha ndani ya kitenge akaondoka. Hakusema kwa ubaya. Alisema ukweli.

Wakakaa sebuleni, Baba, Shangazi na wazee wawili. Celina akakalishwa kwenye mkeka. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Baba akamwuliza kama aliomba pembe. Celina akainua uso, akaniangalia mimi, si kwa muda mrefu. Halafu akarudisha macho chini.

"Niliiomba mimi, Baba," akasema.

Akaulizwa ya nini, na nani alimtuma, na ana kisa gani na marehemu ambaye hakuwahi hata kumwona. Hakujibu tena neno. Asubuhi yake akaondoka kwa pikipiki na mkoba mmoja. Aliponipita uani aliniambia maji ya vyombo nisiyamwage njiani, mipapai bado midogo.

Naona nimezungukazunguka vya kutosha, na karatasi inakwisha.

Pembe niliifukia mimi. Rugemalira hutania wasichana kwa sauti hadi barabarani wasikie, nikashindwa kumwendea. Mara mbili nilifika bucha nikapitiliza. Celina akaniambia ataniombea, kwani kuna nini. Nilimwapisha kwamba hatamwambia mtu yeyote hapa nyumbani, maana Baba angesikia neno lile angenitoa klabu. Aliniletea ndani ya kitenge, nikaijaza, nikaifukia mwenyewe Jumamosi moja mlipokuwa... unaona, nakuandikia kana kwamba ulikuwepo. Baba na Shangazi walikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, Celina alikuwa kisimani. Hata yeye hakujua nimeifukia wapi. Nilichagua pale kwa Mama kwa sababu hakuna anayelima pale, na udongo ni laini. Pia nilitaka Mama awe na habari ya kitu ninachofanya. Hilo ndilo la kweli zaidi.

Celina aliniangalia ili niseme. Alinipa nafasi, kaka, nami nikaangalia vikombe. Sikunyamaza kwa kuogopa kiboko. Maneno hayakuja tu, kama yasivyokuja siku zote, na nikajiambia nitasema jioni. Jioni nikasema kesho. Kesho yake alikuwa ameshaondoka, na kila siku niliyokaa kimya ilifanya ya pili yake iwe ngumu zaidi. Mwezi wa kumi ripoti yangu ikawa ya kwanza shuleni. Niliandika humo kwa English kwamba jaribio la pili lilikatizwa. Mwalimu Mastura akanisifu kwa lugha safi.

Hata ugonjwa wenyewe sijui kama sikuuleta mimi. Kusafisha vile vipande niliazima panga kwa jirani, na migomba yao ilikuwa imeshaanza. Sikulichoma moto. Hilo siwezi kulijua tena.

Tangu Celina aondoke nakula na Shangazi na Baba, tunasikiliza redio. Naenda nyuma namwaga maji ya vyombo shimoni. Chumba chenu kimefungwa, sanduku limeshatolewa liko ukumbini, tunalizunguka tukipita.

Barua hii nimeiandika kwa Kiswahili, ingawa tukiwa nyumbani tunaongea Kihaya. Nilianza kwa Kihaya nikararua. Kwa Kiswahili naweza kuandika pembe, ikabaki ya ng'ombe tu. Yule bibi wa Bukoba akiuliza, najua atajibiwa neno gani.

Nakuomba mpigie Celina. Namba yake ni ile ile, yuko kwa mama yake analima maharage. Usimwombe msamaha kwa niaba yangu, nitaenda Kimwani mwenyewe shule zikifungwa, hata kama hatanifungulia. Mwambie tu kwamba unajua haikuwa yake. Na umpigie Baba, umwambie sanduku lisiende. Ukikasirika nami utakuwa na haki, sitakulaumu. Nitampa Klaudia barua hii leo jioni ili nisiweze kuichukua tena, kisha nitamwambia Baba.

Shangazi anasema nikukumbushe kula. Wasalimie wenzako wa kazini, na yule mwenye nyumba wako uliyesema anafuga bata. Mungu akutunze huko uliko, waitu, kaka yangu.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda na aliyekukosea,

Judica

Ijumaa asubuhi. Klaudia ameniruhusu kufungua bahasha niongeze maneno haya. Nimemwambia Baba. Alikuwa anatandaza nyasi, nikasimama nyuma yake nikasema yote kwa Kiswahili, haraka, kama ninavyojibu swali darasani. Hakugeuka. Akaniambia nirudie kwa Kihaya.

Nikarudia.