Mdomo wa Kuazima

Bonde la Yakima, Washington
14 Aprili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia wewe na majirani wote huko nyumbani Tingambato, pamoja na yule kuku wako mwenye chongo, kama bado hajaingia chunguni. Goti linasemaje? Mafuta niliyokutumia ni ya goti lako, usimgawie kila anayepita akilalamika mgongo. Nakujua. Sisi huku hatujambo, baridi imelegea na mitufaha imeanza kuchanua.

Shangazi Chelo, wewe unayemsomea mama, shikamoo nawe. Tunajuana. Barua yangu ya Krismasi ilikuwa kurasa nne, ukamwambia mama, "Anasema hajambo, anasalimu." Hii usiifupishe, tafadhali. Vaa miwani, kunywa kahawa yako kwanza, kisha usome neno kwa neno mpaka chini.

Mama, bado niko pale shuleni, kwenye kikundi cha kuwaandaa watoto wetu na wazazi wao kwa chuo kikuu. Kila Jumanne jioni tunakutana maktaba. Wazazi wanatoka moja kwa moja kiwandani wanakofungasha matufaha, wengine hata aproni hawajavua, nami nawaelezea fomu na tarehe za mwisho. Unawajua watu wetu na karatasi yenye muhuri: badala ya kuijaza, mtu anaiweka chini ya sanamu ya Bikira na kuiombea. Mwaka huu nimeletewa moja yenye matone ya nta ya mshumaa. Mwalimu Lindgren naye bado yupo. Najua hapo umesonya. Sonya tu, nitamrudia.

Sasa sikia. Kuna msichana anaitwa Citlali Zamudio, binti wa pekee wa Mzee Evodio, mpogoaji wa mitufaha aliyefiwa na mkewe. Figo za mzee zimechoka. Mara tatu kwa wiki anakwenda hospitali kusafishwa damu, na kila mara binti yuko pembeni anamsemea, kwa sababu Kiingereza cha mzee kinaishia kwenye "asante" na majina ya matufaha.

Jumanne moja mwezi uliopita Mwalimu Lindgren aliwaita mezani. Kwa kawaida mimi ndiye ninayefasiri, lakini mzee alikataa. Alisema ana binti aliyemzaa mwenyewe, mdomo wa kuazima wa nini? Watu wakacheka, nikaenda zangu kumimina kahawa meza ya pili, ila masikio niliyaacha palepale.

Mwalimu alisema Citlali amechaguliwa na chuo kikuu kule Seattle, atasomeshwa na kupewa malazi, kilichobaki ni yeye kukubali na baba kutia sahihi kabla ya Ijumaa ya wiki iliyofuata. Citlali akamgeukia baba yake na kumwambia kwamba mwalimu anasema nafasi zimejaa, hakuchukuliwa, bora atafute kazi kiwandani. Mzee akavua kofia. Akamwambia binti amshukuru mwalimu kwa kuhangaika nao, Mungu atamlipa. Na binti akamwambia mwalimu kwamba baba amefurahi mno, karatasi wataileta.

Mama, nilimwaga kahawa! Ilimpata mzazi mmoja, Mzee Bulmaro, kwenye suruali, akaniuliza kama leo nimeamua kumbatiza. Kumuumbua mtoto mbele za watu sikuweza.

Nilimfuata Citlali nje. Kwanza alinijia juu, akaniambia kazi yangu ni kumimina kahawa, si kuchunga midomo ya watu, na kwamba mimi si mama yake. Nikamwambia ni kweli, mimi si mama yake, ila uongo huo naujua vizuri kuliko yeye. Hapo akalia. Akaniuliza, akienda Seattle, nani atamweleza daktari kwamba baba akisema inauma "kidogo tu", maana yake hawezi kusimama? Nilimwambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, nawe utalisikia humu humu. Kisha nikampa mpaka Jumapili: aseme kwa mdomo wake, au nitasema mimi.

Jumapili baada ya misa nikaenda kwao, na Citlali akasema yote, amesimama karibu na jiko. Mzee aliinuka, akaepua maharage yaliyoanza kushika chungu. Kisha akafoka, ingawa si kwa sababu ya safari. Alisema amefanywa mjinga, amemshukuru mtu kwa kumfungia mwanawe mlango, na tangu siku ile amekuwa akimtukana yule mwalimu juu ya kila mti anaoupogoa. "Mimi nimepanda ngazi za mitufaha miaka ishirini na mbili," akasema, "nitashindwa kupanda basi la hospitali?"

Nikamweleza kwamba hospitali inapaswa kumpa mkalimani bure, aombe tu. Akashangaa, miaka yote hiyo mbona hakuna aliyemwambia? Hakuna, kwa sababu mtoto alikuwapo siku zote. Citlali akamwapisha mbele ya picha ya marehemu mama yake: kikiuma aseme kinauma. Mzee akaapa, mkono kifuani. Binti akamuuliza sasa hivi miguu ikoje. Akajibu, "Kidogo tu." Tulicheka mpaka Citlali akaanza kulia tena.

Jumanne iliyofuata mzee alitia sahihi. Safari hii mwenyewe aliniita, akasema leo anaazima mdomo wangu. Alitaka nimwambie mwalimu kwamba wiki nzima amemtukana bila kosa, amsamehe. Nilifasiri yote, matusi yakiwemo. Mwalimu alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaniuliza mimi: "Ofelia, mama yako nilimkosea nini? Mpaka anarudi kwao alikuwa akiniona anavuka barabara."

Shangazi Chelo, hapa usiruke.

Mama, hakukukosea kitu. Ni mimi. Unakumbuka ile siku miaka kumi na tisa iliyopita, wewe na aproni yako, tumekaa mbele yake? Alisema maneno mengi, nami nikakupa machache: hawajanichukua. Ulinishika mkono. Njiani ukaninunulia hindi la kuchoma lenye pilipili, ukaniambia nisilie, wao si Mungu. Nililila lote, na uongo wangu mdomoni. Tangu siku hiyo unamwita yule mwalimu moyo wa jiwe.

Baba alikuwa amelala na nyonga iliyovunjika, wadogo zangu walikuwa hawajui hata kufunga viatu. Nilijua nikikwambia kweli, jioni ile ile ungenifungia mizigo. Na baba angesemewa na nani? Sijutii kumsemea mpaka Mungu alipomchukua. Ninachojutia ni kukuamulia wewe, mama mtu mzima, nikaziba masikio yako kwa mkono wangu. Nisamehe.

Usiniwazie vibaya wala usinihurumie. Septemba naanza masomo ya jioni, na miaka yangu thelathini na saba. Citlali ndiye aliyenisimamia kujaza fomu, tena alinikaripia alipoikuta chini ya sanamu ya Bikira. Mwalimu Lindgren anastaafu Juni. Ukiwa na neno lolote kwake, hata la hasira, Shangazi aliandike. Nitalifikisha zima.

Basi nisalimie wote, na mwenye chongo apewe punje za ziada. Kabla sijaweka kalamu chini, pokea kilicho chako. Nakumbuka kila neno. Siku ile mwalimu alisema nimechukuliwa, kisha akakutazama wewe, si mimi, akasema: "Mwambie mama yako, mtoto huyu hakujilea. Kazi ya mikono yake imeonekana. Hongera sana, mama."

Ni mimi mwanao, niliyechelewa kukufasiria,
Ofelia