Matokeo ya Mtihani Uliompa Mama

Abu Hamour, Doha

Kaka yangu Simiyu,

Pokea salamu zangu, wewe na wote walio chini ya paa lako hapo Eldoret. Natumaini presha yako imetulia, na mkono wa wifi umetoka kwenye plasta bila kupinda. Mimi ni mzima. Mama ni mzima kunishinda, na hilo ndilo nitakalolithibitisha katika barua hii, ambayo anakuletea mwenyewe. Nimeifunga kwa gundi, lakini najua atakutaka uisome kwa sauti. Isome yote, sijaficha kitu.

Nikukumbushe tulivyopatana. Ulisema kwamba Mama, kwa miaka yake sabini na miwili, hawezi tena kuishi peke yake Kimilili: magoti yamechoka, kumbukumbu inavuja, na ubishi umemzidi. Ukanitumia karatasi ya kumhamishia kwako na kumkodishia mtu shamba, ili nitie sahihi. Nilikuwa nimekwisha kupanga kumtembeza kusini mwa Mexico likizo hii, kwa sababu tangu utoto wetu alitamani kufika mahali ambapo hata redio yetu haikufika. Tukakubaliana kwamba kwa wiki mbili nitamchunguza kama ninavyochunguza sampuli za maji maabarani, kisha niseme nilichokiona. Nawe ukaahidi kuikubali kauli yangu, kwa kuwa sijawahi kukudanganya hata kwa gramu moja.

Nianze na yaliyo dhidi yake. Katika uwanja wa ndege wa hapa Doha aliiacha miwani kwenye trei ya ukaguzi, na mlinzi mmoja Mganda ndiye aliyetufuata nayo. Tulipofika mji wa Oaxaca alisahau namba ya chumba chetu mara mbili. Nje ya mji, kwenye magofu ya kale yaliyo juu ya mlima wa Monte Albán, alipanda ngazi kumi na tisa za mawe, akaketi, akaniambia niendelee bila yeye. Nilizihesabu.

Ubishi nao upo. Mwongoza watalii alipoeleza kwamba mahindi yalianzia katika mabonde yale, na dunia nzima ikayapata kutoka huko, Mama alinigeukia.

"Mwambie huyo bwana mahindi ni ya kwetu."

"Mama, yaliletwa na meli za Wareno."

"Ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Basi nyamaza."

Yule bwana akaniuliza mzee amesema nini. Nikamwambia anashukuru.

Hadi hapo, Kaka, ungehesabu kwamba umeshinda. Lakini siku ya nne aliyeanguka ni mimi, na sababu ilikuwa panzi. Sokoni huko wanawakaanga kwa pilipili na ndimu, wanawauza kwa vipimo kama njugu. Mama alitia kiganja kizima mdomoni, akatafuna akitazama juu, kisha akatoa hukumu: "Kumbikumbi ni watamu zaidi, lakini hawa wana adabu." Nilipositasita alinicheka mbele ya wauzaji. "Uarabuni kumekuharibu. Umelelewa kwa kumbikumbi, leo unamwogopa panzi?" Kwa kiburi nilimaliza pakiti nzima. Kesho yake sikuweza kusimama.

Niliposhtuka ilikuwa saa nne asubuhi na kitanda cha Mama kilikuwa kitupu. Simu yake ilikuwa mezani. Hajui neno la Kihispania. Nilijaribu kuvaa viatu, chumba kikazunguka, nikajitupa tena kitandani. Nakiri kwamba kwa muda wa saa moja na nusu niliamini wewe ndiye mwenye haki. Nilikuwa tayari nimeanza kutunga maneno ya kukuambia.

Ndipo mlango ukafunguka. Mama aliingia na mtungi mdogo uliofunikwa kwa kitambaa. Nyuma yake alikuwa mwanamke wa makamo mwenye aproni, aliyekuja kujulikana kwetu kwa jina la Eulalia, mpishi wa sokoni.

"Kunywa. Ni uji."

Na ulikuwa uji, Kaka. Uji wa mahindi, mwepesi, wenye mdalasini.

"Mama, umefikaje sokoni?"

"Mji huu una mteremko. Niliona mtu anaosha baraza, maji yakakimbilia upande ule. Soko liko chini, sisi tuko juu. Nimeshuka, nimepanda."

"Na namba ya chumba?"

"Namba ya nini? Mlango wetu ndio wenye kutu kwenye bawaba."

"Na huyu mama mlizungumzaje?"

"Nilimwonyesha panzi, nikamwonyesha tumbo. Hakuamini mtu mzima anaweza kushindwa na panzi, amekuja kujionea."

Eulalia alinitazama, akatikisa kichwa, akaniongezea uji.

Nilipopata nafuu tulikwenda kibandani kwake. Kwenye sufuria kubwa mahindi yalichemka katika maji ya chokaa. Mama alichukua punje moja kwa kijiko, akaisugua kwa kidole gumba, akaona ganda bado limeshika. "Bado," alisema, akazionyesha zile kuni zilizokuwa zinazimika. Eulalia akasugua punje yake, akazichochea kuni. Kisha akavua aproni yake na kumfunga Mama.

"Ni kama munyu wetu wa kulainishia mboga," Mama aliniambia. "Sisi tunachoma maganda ya maharage na kuchuja majivu. Wao wana chokaa. Kazi ni ile ile."

Alipiga magoti kwenye mkeka, akasaga mahindi juu ya jiwe kwa dakika kumi na mbili kwa saa yangu. Kuinuka hakukuwezekana mara ya kwanza. Mara ya pili aliinuka bila kushikwa. Tulikula mikate ya unga wake mwenyewe, kwa mchuzi mweusi wenye viungo visivyohesabika, na wateja wawili waliomba kuongezewa.

Kabla hatujaondoka Eulalia alitandaza magunzi mezani, yakiwa bado na punje zake: meupe, ya manjano, mekundu, na mengine ya buluu iliyokaribia weusi. Mama aliyageuza moja moja. Tulipofika kona ya hoteli alisimama.

"Mahindi ni yao," alisema. "Mtu hawi na nguo nyingi hivyo ugenini."

Wataalamu wa mbegu hutumia hoja hiyo hiyo, kwa maneno mengi zaidi.

Kwa hiyo kauli yangu ni hii. Mama husahau namba, njia hasahau. Magoti yake ni dhaifu: weka chuma cha kushikilia kwenye ngazi ya jikoni, na simu aivae shingoni kwa kamba. Akili yake ni timamu, kwa kuwa mtu aliyechakaa akilini habadili msimamo kwa sababu ya ushahidi. Mama aliubadilisha kati ya meza ya magunzi na kona ya hoteli, akiwa na miaka sabini na miwili. Wewe una hamsini na mmoja. Nakuachia umbali huo huo ubadili wako.

Karatasi yako imo ndani ya bahasha, bila sahihi. Jana jikoni kwangu hapa Doha, akichambua mchicha wa mashamba ya Umm Salal, Mama aliniomba kitu cha kuandikia, nikampa hiyo. Nyuma yake amechora shamba la Kimilili: mistari ya mahindi, kitalu cha maharage ya kutoa majivu, na mahali pa jiwe la kusagia. Karibu na lango ameweka alama ya msalaba. Nilimuuliza ni ya nini.

"Hapo atasimama Simiyu Jumamosi akifika, ashike jembe. Magoti yake nayo nataka kuyachunguza."

Nisalimie wifi, na wanao wanaoniita shangazi. Mjomba aliyempeleka Mama uwanja wa ndege mwambie nimemwekea tende. Na jirani anayemkamulia Mama ng'ombe umwambie asante. Kuanzia Jumatatu mwenye ng'ombe atakamua mwenyewe.

Ni mimi dada yako, niliyeangushwa na panzi,

Nekesa