Neema aingie darasani kwangu?

Jumamosi, Nchelenge. Mawingu yameziba tangu asubuhi, chisense wetu, wale dagaa wadogo wa ziwani, wametandazwa mchangani hawakauki, na mimi sijielewi.

Jana katika chuo chetu cha ualimu tulijadili kama watoto wenye ulemavu wasome shule moja na wenzao. Darasa zima likasema ndiyo, tena kwa makofi. Mimi peke yangu nikasema sijui. Wenzangu wakanitazama kama mchawi. Mmoja akaniuliza kama nataka watoto hao wafichwe majumbani.

Sikuwaambia kwamba mdogo wangu, Neema, ni kiziwi. Sijui kwa nini nilinyamaza. Labda niliona aibu, na aibu yenyewe inaniuma.

Jumatatu naanza mazoezi ya kufundisha katika shule ya hapa karibu, na Mama anataka Neema aingie darasani kwangu.

«Si weye njo mwalimu? Kama weye haumukamate, nani atamukamata?»

Nitampokeaje? Watoto ni wengi hadi wengine wanakaa chini, na alama tunazozungumza na Neema tumezibuni wenyewe hapa nyumbani. Nikigeuka kuandika ubaoni, nitakuwa nimemwacha peke yake.

Leo mchana nimekwenda naye kuuza samaki ufukweni. Wabemba wengi hapa hawajui sana Kiswahili, Kibemba chetu sisi tuliotoka ng'ambo ya ziwa nacho kinachechemea, kwa hiyo bei tunapatana kwa vidole. Neema aliuza beseni zima kwa mama mmoja aliyetoka Mununga. Wakavutana bei, wakacheka, wakaelewana. Yule mama akaondoka bila kujua kwamba muuzaji wake hasikii.

Roho yangu ikatulia. Kisha nikaogopa.

Ufukweni Neema ni mtu kama watu wengine. Darasani kwangu atakuwa kiziwi tangu dakika ya kwanza, na mimi ndiye nitakayekuwa nimempeleka. Au najidanganya, naogopa kazi tu?

Sijui. Kweli kabisa sijui.

Jioni nimemkuta amevaa sketi yangu ya zamani ya shule, ameikunja kiunoni isidondoke. Akaninyooshea kidole, akaonyesha upande wa shule, akajigonga kifua. Nikamfanyia alama ya kungoja, kiganja chini mara mbili.

Akaivua sketi, akaikunja vizuri, wala hakununa. Alama hiyo anaijua kuliko zote, maana nyumbani kila mtu humfanyia hiyo.

Jumatatu nikitoka hapa asubuhi, nitamwambia anangoja nini?