Elia Yuko Uwanjani, Mimi Niko Matangani

Jumamosi, 7 Machi

Baba Elia,

Leo kumekucha bila wingu hata moja. Jua limeingia hadi kwenye godoro walilonikalishia hapa sebuleni tangu tulipokuzika Jumatano. Mlango nautazama kutoka chini. Mjane havuki geti mpaka matanga yaondolewe, kwa hiyo barabara yetu ya hapa La Rochelle, Johannesburg, naisikia tu, siioni. Naandika kwa simu, chini ya kitenge. Wanawake wa kanisa wanadhani nasoma zaburi.

Unajua leo ilikuwa siku gani. Mechi ya mwisho ya besiboli ya Elia akiwa mwanafunzi hapa, na yule kocha wa chuo cha Amerika amekuja kumtazama.

Wewe ndiye uliyemfikisha huko. Ulikuwa unarudi asubuhi kutoka lindoni, sare bado mwilini, unachuchumaa uani na glovu ili akurushie mipira kabla hujalala. Mkono ulipokuuma ukaficha sponji yangu ya vyombo ndani ya glovu, ukidhani sijaona. Niliona. Nikanunua nyingine. Baadaye besiboli ikamlipia ada ya chuo kikuu pale Braamfontein, na miaka mitatu mfululizo hakuna mrushaji aliyemzidi. Picha yake ulimwonyesha kila aliyesimamisha gari getini kwako.

Asubuhi kaka yako akasema Elia haendi popote.

"Mtoto wa kwanza anaachaje kilio cha baba yake akatupe mipira? Watu watatusemaje?"

Elia alikaa karibu na viatu vya wageni. Hakubisha. Hicho ndicho kilichoniuma. Na mimi mjane sipaswi kumjibu shemeji mbele za watu.

Nikamjibu.

"Shemeji, baba yake angemsindikiza mwenyewe. Elia, kachukue begi lako."

Wanawake waliinamisha vichwa. Shemeji akatoka nje. Mama Gloire, yule rafiki yangu msusi, akaondoka na Elia ili anipigie simu kutoka uwanjani.

"Mama Elia, mimi hapa sielewi kitu," alianza. "Lakini naona wanampigia mwanao mipira yake. Mpira umeenda mbali, karibu uvunje magari ya watu!"

Nitakuambia ukweli. Moyo wangu ulipata wepesi.

Akishindwa, atabaki.

Nilikaa na furaha ile mbaya, simu sikioni, huku mama mchungaji akinipapasa mgongo kwa huruma. Kisha sauti ya Mama Gloire ikabadilika.

"Eh! Sasa wanapiga hewa tu! Anarusha, wanakosa, wanarudi kukaa. Batu banapiga kelele! Na kuna mzee mmoja nyuma ya waya, kila Elia akirusha anaangalia kamashine kake, anatikisa kichwa."

"Huyo ndiye kocha, anapima kasi ya mpira. Anatikisa vipi? Amependa au hajapenda?"

"Eish, mama, niende nimuulize?"

Shemeji alikuwa amerudi, amesimama mlangoni, anajifanya anatafuta kiti.

"Muulize nani anaongoza," akasema chinichini.

Nikacheka. Matangani, Baba Elia, nimecheka kwa sauti, na hakuna aliyejua aangalie wapi.

Elia alirudi jioni, suruali ina udongo hadi magotini. Wameshinda. Kocha anamtaka aanze chuoni kwake Agosti. Alinieleza akiwa amepiga magoti, kwa sauti ndogo kama mtu anayetoa habari mbaya.

"Nitamwambia hapana, Mama. Nani atakaa na wewe?"

Nilitaka sana kukubali. Neno lenyewe lilikuwa tayari mdomoni, na yeye mwenyewe ndiye aliyeniletea. Nikamtazama usoni, amekonda wiki hii.

"Utaenda," nikamwambia.

Shemeji akasogea karibu. Alimshika Elia bega, akampeleka kula.

Sasa wageni wengine wamelala hapa sebuleni, siwezi hata kunyoosha miguu. Matanga yataondolewa, geti nitalivuka, lakini nitakuwa nakwenda wapi? Johannesburg nilikuja nikikufuata wewe. Kisha nikakaa kwa ajili yake. Nyumbani tulikotoka hakuna pa kurudi, na huko anakokwenda hakuna nafasi yangu. Sijutii nilichosema. Ila naogopa, na hapa kila mtu ananiambia nijikaze.

Huko uliko, Baba Elia, unikumbuke.