Baba Ameacha Vidonge kwa Neno Langu

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unishike mkono, maana maji yamenifika shingoni na huku ugenini sina shangazi wala dada wa kumkimbilia, nina mwenzangu wa chumbani tu, na yeye siku hizi ananitazama kwa jicho ambalo nalistahili.

Mimi ni mtoto wa tatu wa fundi cherehani. Nilipokuja kusomea udaktari nchi ya watu, baba alinishonea koti jeupe kwa mikono yake, akasema ya dukani hayana mabega. Mwaka wa kwanza nikafeli, nikarudia, nikafeli tena, chuo kikanihamishia kilimo, nasomea udongo, na nisikufiche, udongo naupenda na alama zangu ni nzuri, lakini nyumbani sikusema, nilijiambia nitasema wiki ijayo, na hiyo wiki ijayo sasa ina mwaka na nusu.

Chumba chetu cha bweni ni kidogo, vitanda viwili, meza mbili, dirisha moja. Upande wa mwenzangu, ambaye yeye udaktari anausomea kweli, kuna picha kubwa ya mifupa ya mtu na vitabu vinene kama matofali. Upande wangu ni makopo ya udongo. Basi kila Jumamosi mchana kabla ya kupiga simu ya video nahamia upande wake, navaa koti, naegemeza simu kwenye birika, na baba anasema, "Hebu simama nione mabega yalivyokaa," nami nasimama.

Kisha ndugu wakaanza kuuliza. Mama mdogo goti, jirani mtoto anakohoa, shangazi kizunguzungu. Mwenzangu akawa anakaa kitandani kwangu, nyuma ya simu, anaandika majibu kwenye karatasi na kuninyanyulia, nami nasoma kama mtangazaji wa habari. Mara nyingi aliandika tu, "Waende hospitali." Tulicheka mno, mshauri, nakiri.

Jumamosi moja mwenzangu alikuwa wodini kwa mafunzo. Baba akasema, "Daktari wangu, hivi vidonge vya presha vinanichosha, nikikaa kwenye cherehani miguu inakuwa mizito. Nivipumzishe?" Nikatazama kitandani, hakuna mtu, hakuna karatasi. Nikaona haya kusema sijui. Nikamwambia, "Vipumzishe kidogo, baba."

Hicho kidogo kina wiki tatu. Shangazi anasema baba anaamka kichwa kinamgonga, na jana alishindwa kutunga uzi kwenye sindano, na akiambiwa aende zahanati anajibu, "Niende kwa daktari wa watu na mimi nina wangu wa kumzaa?" Nilipomweleza mwenzangu hakunifokea, alibandua ile picha ya mifupa, akaikunja, akasema siku nikipiga simu tena upande wake atazungumza yeye, amwambie baba kweli. Niambie, nitumie njia gani baba arudie dawa bila kujua ukweli? Naogopa ukweli ndio utakaommaliza.

Daktari wa Uongo, bwenini

Marahaba, binti yangu. Jibu hili nilikutumia kwa simu siku ileile niliyopata barua yako, sikungoja gazeti. Hapa nalichapa kwa ajili ya wengine wanaowadanganya wazazi wao kutoka mbali.

Kabla hujaendelea kusoma, mpigie shangazi yako. Amchukue fundi sasa hivi, hata akigoma, wasiende zahanati, waende hospitali, pakiti ya vidonge mkononi, na wamwambie daktari kwamba ameacha wiki tatu. Watampima wao, wataamua wao. Wewe usitaje tena habari ya kidonge chochote. Kichwa kinachogonga na macho yasiyoona tundu la sindano havingoji Jumamosi.

Umeshapiga? Haya, sasa nikuseme. Unaniomba njia ya baba kumeza dawa bila kujua ukweli. Haipo, binti. Hataki daktari mwingine kwa sababu anaamini anaye, na wewe ndiye uliyemwaminisha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wewe umeficha ya kwako na kifo kinamnyemelea mwingine. Na hilo la kusema unamlinda baba, hebu liache. Unaulinda uso wako mwenyewe, na ndani ya moyo wako unalijua hilo.

Lakini sikuoni mtoto mbaya. Kufeli mara mbili ugenini, ukaambiwa hama, ukarudi kwenye kitanda cha bweni usiwe na wa kumlilia, ni mzigo, na uliubeba peke yako. Mimi nina mwanangu aliyenificha kufeli kwake, nikaja kuambiwa na jirani. Nililia, ila si kwa ajili ya mtihani. Niliumia kwamba mtoto niliyemzaa aliniogopa mimi. Nadhani baba yako ataumia hivyo hivyo, na maumivu hayo yana dawa.

Kusema sijui kungekuwa heshima. Mwenzako anausomea udaktari na bado aliandika waende hospitali. Huyo mwombe radhi leo, na picha yake uibandike mwenyewe.

Baba akishapimwa na hali yake ikatulia, piga ukiwa umekaa kitandani kwako, koti likiwa kabatini. Shangazi awe kando yake. Usizunguke wala usitangulize machozi. Sema, "Baba, nilifeli udaktari, nasomea udongo, nilikudanganya, na neno langu juu ya vidonge halikuwa la daktari." Kisha nyamaza, umwache aseme lake. Anaweza kukata simu. Anaweza kununa mwezi mzima, mafundi cherehani nawajua kwa kununa.

Mwache anune. Baba aliyenuna utampigia kesho, na keshokutwa, na mtondo, mpaka apokee. Aliyekufa hapokei.