Hata Maji Yananichefua

Jumanne. Joto la Rumonge limeamka kabla yetu, na upepo wa ziwa umeleta harufu ya ndagala, dagaa wetu wa ziwani, walioanikwa ufukweni mpaka ndani ya chandarua. Nimetapika kabla sijafumbua macho vizuri.

Nachukia kila kitu. Sabuni. Kahawa ya jirani. Mate yangu mwenyewe, yanayojaa mdomoni mazito kama mlenda, nikiyatema kwenye kopo ambalo nalo linanichefua. Nachukia shati la Saidi, mume wangu, kwa sababu anauza mafuta ya mawese sokoni na harufu yake haitoki hata akilifua. Siku hizi analala sebuleni. Hajalalamika, na hilo nalo limenikera.

Watu husema ni kichefuchefu cha asubuhi. Asubuhi gani hii isiyoisha?

Mama mkwe alinihurumia kwa njia yake. Jana alinipikia samaki wa mukeke kwa mawese, akaketi kando ya kitanda na bakuli mapajani. "Mimba haiko ugonjwa, binti yangu. Kula, mutoto ana njaa." Nilimeza kwa kuogopa kumvunjia heshima. Chakula kikarudi chote, na nyongo juu yake, kwenye kitenge chake. Akageuza uso. Nilikiona kinyaa chake, wala sikumlaumu. Mimi nilijionea kinyaa kumshinda.

Jana hiyohiyo nilimwambia huyu aliye tumboni atoke. Nilisema kwa sauti. Hakuna aliyenisikia, na siwezi kumwambia mtu.

Leo Saidi amemleta muuguzi, dada Goreti. Alinifinya ngozi ya mkono, ikabaki imesimama. Akaniuliza nilikojoa lini. Sikukumbuka.

"Mama, huyu hadeki. Iko anakauka maji mwilini," alimwambia mama mkwe. "Tutamutibia hapa nyumbani. Lakini asipokojoa mpaka alasiri, ama akitapika damu, tunaenda hospitali leo leo."

Saidi alisimama mlangoni, hathubutu kuingia na shati lake.

Goreti alitundika chupa ya serumu, dripu ya kuingia mshipani mwangu, kwenye msumari wa chandarua, akanidunga vitamini na dawa ya kuzuia kutapika. Akaagiza chakula kingoje kwanza. Maji, kijiko kimoja kimoja. Mama mkwe alisikiliza, kisha akatoka. Nikasikia sufuria zikigongana. Alikuwa anahamisha jiko lake lote, samaki na mawese, kwenda kupikia uani kwa jirani.

Aliporudi alikuwa ameoga, amevaa kanga isiyofukizwa udi. Akaninywesha. Maji yalikuwa na ladha ya kutu. Nikayameza, nikang'ata shuka.

Yakakaa.

Alasiri niliomba ndoo. Mkojo ulikuwa mchache, mweusi kama chai ya mkandaa, unanuka kuliko ufukwe mzima. Mama mkwe akauinamia, akautazama vizuri, akapiga kigelegele. Kigelegele, kwa mkojo! Saidi akakimbilia dirishani kuuliza kuna nini. Hakuna aliyemjibu, tulikuwa tunacheka, mimi nimeziba mdomo kwa mikono miwili nisije nikatapika.

Bado nachefuka ninapoandika haya. Kopo limejaa tena. Sijui kama nampenda huyu aliye tumboni, na leo sitajilazimisha kujua. Ila Goreti akija asubuhi na chupa nyingine, nitamnyooshea mkono.