Ubao Uliobaki na Maneno ya Jana

Kitengela,
Jumatano asubuhi.

Kaka Koinet,

Supa! Naamini barua hii, ambayo Nzula ataibeba kwa gari lake hadi Mashuuru, itakukuta mzima pamoja na bibi yetu Koko na mbuzi wote. Mguu wa Koko unaendeleaje? Sisi tuko salama, ila stima imepotea tangu Jumapili na netiweki ikaifuata. Mama anasema ukinywa maziwa ya huko ukumbuke kuna watu Kitengela wanakunywa chai ya rangi.

Uliniagiza nimchunguze Samatar, nami nimekaa dirishani na daftari wiki mbili. Anafungua duka saa kumi na mbili. Anaangalia barabara huku na huku, kisha anapanda juu ya kreti ya soda na kunyoosha mkono kwa ule ubao wa wasafiri hapo steji, unaoonyesha kama gari linapita korongoni. Niliandika: anagusa. Kesho yake nikaandika tena: anagusa. Na ni kweli, watu wakisoma kwamba korongo limejaa, wanakaa kwake na kunywa chai mbili mbili.

Steji nzima inasema alichonga ufunguo kama huu wangu wa kufungulia kitufe cha ubao, akaweka uongo siku ya intavyu yako ya Kajiado. Ulisoma gari halipiti, ukarudi nyumbani, na saa tatu Nzula akapita na viti vitupu. Jumamosi kamati ya steji inakaa kumfukuza. Nasikia wewe ndiye shahidi.

Jana nilijikaza, nikaenda kununua sukari, nikamuuliza hufanya nini pale juu. Alicheka, akasema kumbe huyu msichana ako na sauti! Akanionyesha kitambaa. Anapangusa vumbi kwenye sola ya ubao, maana ikichafuka ile redio ndogo haipati nguvu ya kupokea habari. Ufunguo hana. Hajawahi kuwa nao.

Kaka, huwa nashindwa kusema mambo kwa mdomo, ndiyo maana naandika. Siku ile ya intavyu, Roda anayeangalia maji alikuwa ameshatuma habari kwa redio kutoka korongoni kwamba yameshuka. Kilichobaki ni kidole changu kubonyeza ili habari itokee ubaoni. Nilifika na ufunguo mkononi, lakini vijana wa boda boda walikuwa wengi. Wakaniita Madam Mafuriko, wakauliza leo nitazamisha nani. Nikapita kama mtu anayeenda posho mill kusaga unga, nikazunguka nyuma, nikarudi nyumbani. Na ule ubao hauhitaji stima kushika maandishi. Usipobonyezwa, maneno ya mwisho yanabaki tu. Ulisoma ya jana yake. Kamati iliponiuliza, nilisema nilibonyeza. Uongo ulikuwa wangu, halafu nikakaa dirishani kumwandika mtu mwingine.

Nilimwambia Samatar. Alisema si yeye ninayepaswa kumwambia kwanza.

Nimekupotezea kazi. Ukasirike, ni haki yako. Lakini Jumamosi njoo, na usimame mahali nitakuona, kwa sababu nitaongea mbele ya watu wote.

Msalimie Koko, mwambie ugoro wake nimeununua. Leo waliniita lile jina tena, nikabonyeza wakiniangalia. Nimeongeza siku, saa na jina, ili msomaji ajue habari ni ya lini na amuulize nani. Ubao unasema hivi:

Korongo limekauka. Gari linapita. Jumatano, saa moja na nusu asubuhi. Seleyian.

Ni mimi mdogo wako,
Seleyian